Ng'ombe ya Yesu

Wiki moja baada ya kumzika mama, daktari wa mifugo alikuja kwetu, nje kidogo ya Kambu, kuchanja ng'ombe, na akataka kuandika jina la kila mmoja kwenye kadi. Kazi ilikuwa ndogo kwa sababu ng'ombe alikuwa mmoja. Ndugu yangu Muema alimshika pembe. Mimi nilisimama kando nikiwa nimevaa viatu visivyofaa, kama ilivyo desturi ya watu waliosoma sana.

"Jina?" daktari aliuliza.

"Ngome," Muema akajibu.

"Najua ni ng'ombe. Nauliza jina."

"Ndiyo hiyo. Ngome."

Daktari alimtazama Muema, akanitazama mimi, kisha akaandika kitu bila kuuliza tena. Waliofiwa huachiwa mengi. Alipoondoka nikaisoma kadi. Mahali pa jina alikuwa ameandika, kwa herufi nzuri za ofisini: Ng'ombe.

Nilicheka mpaka Muema akaenda kuniletea maji. Alifikiri ninalia, na hakukosea sana. Mtu ambaye angecheka pamoja nami alikuwa amelala chini ya udongo mbichi nyuma ya nyumba. Muema mwenyewe anajua tu kwamba ng'ombe wetu wote, tangu alipopata akili, huitwa Ngome. Jambo lenyewe lilipotokea yeye alikuwa mtoto wa mgongoni.

Ulikuwa mwaka wa mahindi ya manjano. Wenzangu wa rika langu hawahitaji kuelezwa zaidi. Wakifumba macho wataisikia ile harufu ya gunia la msaada, harufu ya unga uliosafiri mbali kuliko mtu yeyote wa kijiji chetu. Baba alikuwa kazini mbali na alikuja kwa nadra. Tulikuwa na ng'ombe wanne kiangazi kilipoanza. Sasa alibaki mmoja, Ndune, jina linalomaanisha tu kwamba ni mwekundu. Ndune alikuwa na mimba, na mama alikuwa ameweka matumaini yake yote ndani ya tumbo lile. Ndama angeleta maziwa, na maziwa yangemfikisha Muema kwenye mvua.

Ng'ombe akilala wakati wa kiangazi kama kile hawezi kuinuka mwenyewe. Kwa hiyo kila asubuhi wanaume walizunguka boma hadi boma wakiwa na mti mrefu na kamba. Walipitisha mti chini ya tumbo, mmoja akashika mkia, mwingine pembe, wakahesabu, wakamwinua. Akisimama, amepata siku moja zaidi. Lakini ng'ombe aliyekataa kula kwa siku tatu hawakumwinua tena. Walimchinja kabla hajafa, maana mtu wa kanisa hali mzoga. Mkubwa wa kazi hiyo alikuwa jirani yetu Mzee Kilonzo, mtu mwenye maneno machache na kisu kirefu.

Alhamisi jioni Kilonzo alimtazama Ndune, akamfungua mdomo, akaufunga.

"Mama Mwende," alimwambia mama, "hii imekataa chakula. Jumamosi asubuhi tutaiinua mara moja tu. Ikianguka, tunachinja."

Mama alisema sawa. Kisha akaingia jikoni akakaa humo kwa muda mrefu bila kuwasha moto.

Sasa, siku iliyofuata, Ijumaa, ndiyo ilikuwa siku ya safari yetu. Mwalimu Mutuku, aliyetufundisha shuleni siku za juma na kanisani siku ya Jumapili, alikuwa ametutayarisha kwa muhula mzima. Kanisa lingetupeleka watoto wa Sande Skulu kuona Mombasa, mji wa kale, na kurudi siku hiyohiyo. Tungeona bahari. Tungeona milango na misikiti na kuta za watu wa zamani. Na juu ya yote, alisema Mwalimu Mutuku akipunguza sauti kama afanyavyo mtu anayetaja kitu kitakatifu, tungeona Ngome ya Yesu.

Mimi nilisikia Ng'ombe ya Yesu.

Nimeshika digrii mbili tangu siku ile, na mojawapo ilinilazimisha kukariri ngeli zote za Kiswahili, kwa hiyo naweza kueleza kitaalamu upumbavu wangu. Mtoto wa Mombasa asingekosea. Kwake ng'ombe ni "wa": ng'ombe wa babu, ng'ombe wa jirani. Akisikia "ya" anajua papo hapo kwamba kinachotajwa hakina kwato. Lakini sisi tulikijua Kiswahili kama tulivyojua viatu: kilitufikia tukiwa tumekwisha kukua, na tulikivaa siku maalum. Kwetu kila kitu kilikuwa "ya". Kitabu yangu, mtoto yake, Mungu yetu. Ng'ombe ya Kilonzo ilikuwa ng'ombe ya Kilonzo, na ng'ombe ya Yesu ilikuwa ya Yesu.

Tena nilikuwa na ushahidi. Yesu alizaliwa wapi? Zizini. Walimlaza wapi? Katika hori, mahali pa kulishia ng'ombe. Na yule ng'ombe aliyemwachia kitanda chake alikwenda wapi baadaye? Hakuna aliyewahi kutuambia. Nilikuwa nimelifikiria jambo hili kwa Krismasi mbili mfululizo. Sasa Mwalimu Mutuku alikuwa amelijibu bila kuulizwa. Yuko Mombasa.

Sikumwambia mtu. Asubuhi ya safari, kukiwa bado na giza, nilipita zizini kumuaga Ndune. Alikuwa amelala ubavu, pumzi yake ikipeperusha vumbi. Nilimwambia avumilie, ninakwenda kuongea na mwenzake.

Mama alinifunga kitambaa kichwani. "Nenda, uone vizuri," alisema. "Ukirudi utaniambia." Hakutaja Jumamosi.

Basi la kukodi liliteremka barabara kuu hadi hewa ikabadilika, ikawa nzito na ya chumvi. Ilipofika saa nne tulikuwa mjini, na watoto arobaini walikuwa wamemaliza maji yote waliyobeba. Dereva alikuwa na mtu wao aliyefanya ulinzi mjini, mtu wa kijiji cha Tulia, na alituhakikishia kwamba hapo kwa mtu wao maji hayaishi. Kitu ambacho hakumwambia Mwalimu Mutuku, au alichoona hakina maana, ni kwamba mtu wao alikuwa akilinda hekalu la Wahindu.

Mlinzi wa Tulia alitupokea kwa Kikamba na kwa furaha ya mtu aliyekaa muda mrefu bila kuongea lugha ya mama yake. Maji yalikuwepo, baridi, kwenye mtungi mkubwa wa shaba. Kisha akasema wenyewe hawana ubaya, watoto wanaweza kuingia waone, mradi wavue viatu. Wengi wetu hatukuwa navyo.

Mwalimu Mutuku alisimama mlangoni akipigana na nafsi yake. Alikuwa Mkristo kweli, lakini pia alikuwa mwalimu kweli, na alijua kwamba wengi wetu hatungerudi tena mji huu. Mwishowe mwalimu alimshinda Mkristo, kwa masharti.

"Mnatazama na macho," alituonya. "Hakuna kutazama na roho."

Ni lazima nieleze nilitoka wapi ili mwelewe nilichoingia. Kanisa letu lilikuwa la mabati, na sakafu yake ya udongo ilinyunyizwa maji kila Jumamosi. Picha pekee iliyokuwa ukutani ilikuwa ya kalenda, na mchungaji aliigeuza ielekee ukuta mwezi uliokuwa na mwanamke aliyejipaka rangi ya midomo. Tuliamini kwamba Mungu hapendi kurembwa. Sasa nilikanyaga sakafu nyeupe, laini, baridi kama ndani ya kibuyu cha maji, nikainua macho, na hapakuwa na mahali pa kuyaweka yapumzike. Nguzo zilikuwa zimechongwa maua, na ndani ya maua ndege, na ndani ya mdomo wa ndege ua lingine. Dari lilikuwa na nyota za dhahabu. Kengele zilining'inia kwa minyororo. Taa ndogondogo za mafuta ziliwaka mchana kweupe, kitu ambacho kwetu mama angekizima kwa kofi. Na harufu: ubani, samli, maua, jiwe lenye unyevu. Nilikumbuka maelezo ya mbinguni tuliyosomewa, mahali penye vito na dhahabu, na nikaelewa kwa mara ya kwanza kwamba yule aliyeandika hakuwa akitia chumvi. Alikuwa amefika mahali kama hapa.

Wenzangu walirudi kwenye mtungi. Mimi niliendelea, nikigusa nguzo moja hadi nyingine, mpaka pembeni, nyuma ya kizuizi kifupi, nikamwona.

Alikuwa mweupe, wa jiwe, mkubwa kama ng'ombe wa kweli, amelala huku amekunja miguu kama anayecheua. Pembe zake zilikuwa za dhahabu. Macho yalikuwa yamezungushiwa wino kama ya bibi arusi, na shingoni alivaa shada la maua ya manjano, rangi ya kiini cha yai la kienyeji. Ukutani nyuma yake kulikuwa na picha ya mtoto mwenye filimbi na mwanamke akimtazama kwa namna ambayo mama humtazama mtoto. Mtoto, mama yake, ng'ombe, na nyota darini. Ningeweza kuhitaji nini zaidi? Ni kweli mtoto alikuwa wa bluu. Lakini mimi nilikuwa nimekwisha kumwamini Yesu wa rangi ya maziwa wa kwenye kadi zetu za Sande Skulu, ambaye hakufanana na mtu yeyote wa Kambu, na sikuona ugumu kumwamini wa rangi ya wino.

Lakini kilichonipigisha magoti hakikuwa dhahabu, wala picha. Mbele ya ng'ombe yule mtu alikuwa ameweka sinia, na juu ya sinia kulikuwa na fungu la majani. Majani mabichi. Ya kijani. Yenye maji ndani yake. Nilikuwa sijaona kitu kama hicho tangu mvua ilipopotea, na nilikuwa nimeanza kusahau kwamba rangi ile ipo. Yalikuwa yamewekwa karibu kabisa na mdomo wa jiwe, na ng'ombe hakuwa ameyagusa.

Niliomba kwa Kikamba, kwa sauti, kwa sababu kanisani kwetu kuomba kimyakimya kulihesabiwa uvivu. Nilimsalimu. Nilimweleza kuhusu Ndune, na tumbo lake, na Jumamosi. Kisha, nikiona bado hajibu, nikasema kitu ambacho hata leo nakiona ndiyo sala ya kweli zaidi niliyowahi kuomba.

"Wewe uko na majani na huli," nilimwambia. "Ndune hana, na angekula."

Nilipogeuka, mwanamke mzee wa Kihindi alikuwa amesimama nyuma yangu. Alikuwa mwembamba, amevaa sari nyeupe isiyo na pambo, mikono yake ikinukia manukato ya sandali. Nilijua nimekosa, ingawa sikujua kosa lipi kati ya mengi. Hakuwa na ukali. Alitazama magoti yangu yenye vumbi, akatazama majani.

"Nyumbani iko ng'ombe?" aliuliza.

"Iko," nikasema. "Inataka kufa."

Alifikiri kidogo. Akainama, akayatwaa majani yote kutoka kwenye sinia. Akamvua ng'ombe shada shingoni, akalizungusha kwenye yale majani mara mbili kama anayefunga mtoto, kisha akanipa kwa mikono yake yote miwili. Nami nikapokea kwa miwili, kwa sababu hilo angalau nilikuwa nimefunzwa.

"Peleka," alisema.

Niliyatia ndani ya sweta langu la shule. Nilipotoka nje, Kalondu, mtoto wa Mzee Kilonzo na adui wangu mpendwa, alinikagua kwa jicho moja. Alitaka kujua kama hayo maji ya Mombasa yananenepesha watu tumbo upande mmoja tu. Nilimwambia anyamaze. Nilitembea mji wote wa kale nimekumbatia tumbo langu, unyevu wa majani ukinipoza ngozi, nikiwa na hakika kubwa kuliko niliyowahi kuwa nayo juu ya jambo lolote.

Na mji ule ulikuwa kana kwamba umekubaliana nami. Vichochoro vilikuwa vyembamba kiasi kwamba mbingu ilibaki utepe. Milango ilikuwa ya mbao nyeusi, imechongwa minyororo na mawimbi na majani kuanzia juu hadi chini, na juu yake maandishi ambayo hakuna kati yetu aliyeweza kuyasoma. Sisi tunatoka katika watu wanaojua kuchonga. Kila mmoja wetu alikuwa na mjomba anayetoa twiga kwenye gogo. Lakini Mwalimu Mutuku alisimama mbele ya mlango mmoja akavua kofia.

"Mwenye alichonga hii," alisema, "hakuwa na shamba ya kulima."

Ilikuwa sifa kubwa kuliko zote alizoweza kutoa. Kutoka msikiti mdogo wenye mnara mnene tulisikia watoto wa rika letu wakikariri kwa pamoja, sauti zikipanda na kushuka kama sisi tulivyokariri mistari yetu. Tulipita polepole. Hakuna aliyecheka. Nilidhani, kwa sababu nilikuwa na majani ndani ya sweta, kwamba wote wanajua ng'ombe yuko karibu.

Ndipo tukafika kwenye kuta.

Sijui nikiite nini kile kilichotupata. Ukuta mkubwa niliokuwa nimeuona hadi siku ile ulikuwa wa ghala la pamba. Huu ulitoka kwenye mwamba na ukapanda, rangi ya nyama iliyokauka, mnene mpaka ndani ya unene wake kulikuwa na njia ya kupita watu. Mizinga ilitazama bahari. Bahari yenyewe, niliyokuwa nimeiona ikimetameta kwa mbali nikadhani ni mabati mapya, ilikuja hadi miguuni mwa ukuta ikarudi. Ndani kulikuwa na magofu: misingi ya vyumba, ngazi zisizokwenda popote, kisima kirefu. Kwenye kipande cha ukuta askari wa zamani walikuwa wamechora kwa makaa na udongo mwekundu meli na watu na vitu visivyotambulika, kama wachoravyo watoto wanapochoka na somo. Nilitafuta alama za kwato. Nilitafuta samadi.

Aliyetuongoza alikuwa mzee wa mji huo, mwenye kanzu na kofia safi, na Kiswahili chake kilikuwa kitamu kiasi kwamba sikuelewa nusu yake. Alitusimamisha kwenye mstatili wa mawe yaliyobaki ardhini, bila kuta, bila paa, akatuambia hapa palikuwa kanisa. Kanisa letu lilikuwa baya, lakini lilikuwepo. Sikuwa nimejua kwamba kanisa linaweza kufa likaacha mifupa.

Kama palikuwa na kanisa, niliwaza, basi zizi haliko mbali. Nikanyoosha mkono.

"Na ng'ombe iko wapi?"

"Ng'ombe gani, mwanangu?"

"Ya Yesu."

Kilichofuata kiliruka ukutani kikarudi: watoto thelathini na tisa wakicheka ndani ya mawe. Kalondu alikaa chini kabisa. Yule mzee peke yake hakucheka. Aliinama mbele yangu akaligawanya neno polepole kama anayemenya chungwa.

"Ngo-me. Hii ni ngome, mama. Nyumba ya vita. Waliojenga waliipa jina la Yesu, kisha wakaipangia mizinga."

"Na yeye alikaa hapa?"

Mzee alitazama mizinga, akatazama kanisa lisilo na kuta. "Hajapata kulala hapa hata usiku mmoja," alisema.

Nilibaki nimesimama pale wengine walipoendelea mbele. Kama hii si ng'ombe, basi yule wa hekaluni ni nani? Jibu lilinijia taratibu, likaanza kwenye tumbo, palepale penye majani. Niliambiwa nisitazame na roho. Nami nilikuwa nimepiga magoti, nimeomba kwa sauti, nimepokea zawadi. Mama yangu alikuwa mwenyekiti wa akina mama wa kanisa. Chini ya ukuta maji yalikuja na kurudi, na nilijua ninachopaswa kufanya. Nilitoa fungu ndani ya sweta, nikalishika juu ya bahari.

Lakini yalikuwa bado ni mabichi. Hilo ndilo lililonishinda. Niliyanusa, na yalinuka mvua. Nikayarudisha.

Siri yangu ilidumu hadi Mazeras. Basi lilipopata joto, majani yalianza kunukia, na Kalondu akamwita mwalimu. Mwalimu Mutuku alikuja akakaa karibu nami. Nilimwambia yote, mpaka mtoto wa bluu. Nilitarajia alitupe fungu nje ya dirisha. Badala yake alichukua Biblia yake, akaifungua mahali fulani, akasoma midomo ikitikisika, akaifunga, akaifungua mahali pengine. Alifanya hivyo kwa safari ndefu. Nilijua baadaye kwamba swali la chakula kilichowekwa mbele ya miungu ya wengine limewasumbua watu wakubwa kuliko yeye, na kwamba majibu ni zaidi ya moja. Tulipokaribia Mtito Andei aliinuka.

"Mimi sijaona kitu," alisema. "Hii ni kazi ya mwenyekiti wa akina mama."

Lakini kabla ya kurudi kitini alimimina maji ya mwisho ya chupa yake juu ya kitambaa chake cha mkononi, akanipa nifunike majani.

Jua lilikuwa likizama nilipofika nyumbani. Mama alikuwa zizini, amechuchumaa karibu na kichwa cha Ndune, Muema mgongoni. Kando yake kulikuwa na unga wa manjano uliokorogwa na maji, haujaguswa. Sikumsalimu. Nilitoa fungu nikaliweka chini na kuanza kukiri, nikianza na kosa dogo ili nilifikie kubwa nikiwa nimezoea.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Niliposema nilisikia "ng'ombe", mdomo wake ulicheza kidogo, akauzuia. Niliposema nilipiga magoti, haukucheza.

"Huyo mwanamke," alisema. "Alikupa na mkono moja, ama miwili?"

"Miwili, mwaitu."

Kwetu mtu hutupa kwa mkono mmoja; huo ni mkono wa kutupia kuku. Mikono miwili ni ya mgeni, ya mkwe, ya mtu unayemheshimu.

"Na alijua ni ya ng'ombe?"

"Alijua. Alisema nipeleke."

Alifungua shada polepole bila kukata uzi. Akachukua majani machache, akayapitisha puani mwa Ndune. Hakuna kilichotokea. Akayapitisha tena. Sikio moja la Ndune likageuka. Kisha ulimi, ule ulimi mrefu wa kijivu uliokauka, ukatoka ukazunguka majani, ukayavuta ndani. Tulisikia sauti ya kutafuna. Kwa siku tatu hatukuwa tumeisikia. Mama alimpa jani kwa jani, bila haraka, kama anayelisha mtoto, na majani yalipokwisha akampa maua, na Ndune akala maua pia, yote, akabaki na ua moja la manjano limenata kwenye pua. Baada ya hapo akanywa ule uji wa unga.

"Yeye hajui kanisa," mama alisema, kana kwamba kuna mtu aliyemuuliza.

Ningependa kuwaambia kwamba Ndune aliruka akasimama. Hakuruka. Asubuhi Mzee Kilonzo alikuja na watu wake, mti, kamba na kisu, wakamwinua wakihesabu, na walipoachia alitikisika miguu yote minne kama meza mbovu. Nilifumba macho. Nilipoyafumbua alikuwa bado wima, akikojoa kwa muda mrefu sana, na Kilonzo alikuwa akikifunga kisu chake kwenye gunia. "Hii imeamua," alisema. Waliendelea kumwinua kila asubuhi hadi mvua ilipofika. Nimewahi kumuuliza daktari wa mifugo kama fungu moja la majani linaweza kuokoa ng'ombe, akaniambia haiwezekani. Nilimshukuru.

Ndama alizaliwa udongo ukiwa umelowa, jike, mwenye baka jeupe kwenye paji la uso. Mama alimkausha kwa gunia, akaniita nikiwa nimekaa mbali, maana habari zangu zilikuwa zimeenea kanisa zima na Kalondu alikuwa ametunga wimbo. "Hii inaitwa Ngome," aliniambia. "Ndio usisahau tena."

Miaka mingi baadaye, nilipokuwa na kazi na gari la kwanza lililokubali kwenda mbali, nilimuuliza mama kama angependa nimpeleke Mombasa. Alikubali haraka isivyo kawaida yake. Mvua ilikuwa imenyesha vizuri mwaka ule. Asubuhi alitoka nyumbani amevaa kitambaa chake cha akina mama wa kanisa, amebeba kitu kilichofungwa kwa khanga yenye maji. Sikuuliza. Garini kote kulinuka mvua.

Tulipofika mjini aliniambia tuanze kwa Wahindi. Nilimweleza kwamba yule mwanamke alikuwa mzee wakati ule, hawezi kuwa hai. Alisema anajua kuhesabu. Mlangoni hakukubali kuvua viatu. "Mimi siingii. Niko na kanisa yangu," aliniambia, kwa sauti iliyokusudiwa kusikika mbinguni pia. Alisimama kwenye kizingiti mpaka msichana mmoja wa pale akatoka kumuuliza anataka nini. Mama alifungua khanga. Yalikuwa majani ya kwetu, marefu, aliyoyakata mwenyewe alfajiri, yakiwa na mbegu vichwani.

"Ni ya ng'ombe yenu," mama alisema, akampa kwa mikono miwili.

Msichana hakuelewa chochote. Lakini alitazama ile mikono, akaweka simu yake mfukoni, akapokea kwa miwili.

Mama alikunja khanga yake tupu, akarudi garini, akafunga mlango, akaketi wima kama mtu anayesubiri mahubiri.

"Haya," alisema. "Sasa nipeleke nione ile Ng'ombe ya Yesu."